Kanuni, Ukuta na Ardhi: Abasia ya Mtakatifu Walburga Kutoka Eichstätt Hadi Nairobi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mti hauendi ila kwa nyenzo. Msemo huu unafaa kutangulizwa katika mjadala wowote unaohusu taasisi zilizodumu kwa karne nyingi, kwa maana aghalabu msomaji huutazama mti asizione nyenzo. Kusini mwa Ujerumani, katika mji mdogo wa Eichstätt, mna nyumba ya watawa wa kike iliyoanzishwa mwaka 1035 na ambayo ingali inakaliwa hadi leo. Nyumba hiyo huitwa Abasia ya Mtakatifu Walburga. Imeshuhudia vita, moto, kunyang'anywa mali na utawala wa Wanazi, na bado kengele zake zinawaita wanawake kwenye sala.

Kwa mwanafunzi wa Nairobi, yumkini habari za nyumba hiyo zikaonekana kuwa mbali mno na maisha yake. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba umbali huo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Upo uzi unaoanzia Eichstätt, ukapitia Pennsylvania, Minnesota na Kansas nchini Marekani, kisha ukafika Nairobi katika jimbo la uchaguzi ambalo wakati huo lilijumuisha Kibera. Aidha, historia ya abasia hiyo inaibua swali linalowahusu moja kwa moja wakazi wa Kibera na Kawangware: jumuiya ya wanawake hudumu kwa nguvu ya nini? Je, ni ukuta, ni ardhi, au ni kanuni?

Maana ya Istilahi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, inafaa istilahi chache zifafanuliwe. Neno "abasia" limetoholewa, na humaanisha nyumba ya watawa inayojitawala chini ya kiongozi aliyechaguliwa na wenzake. Kiongozi huyo akiwa mwanamke huitwa abesi. Neno "mtawa", kwa upande wake, halikuletwa na wamisheni. Katika Kiswahili cha pwani, kutawa ni kukaa ndani bila kutokatoka, hususan kwa mwanamke wa heshima, na pia ni kumcha Mungu. Wamisheni walipotafuta neno la kuwaitia wanawake walioacha ndoa na mali ili waishi maisha ya sala, walilikuta tayari limo kinywani mwa Waswahili.

Hata hivyo, maana hizo mbili hazilingani kikamilifu. Mwanamke mtawa wa pwani alitawa nyumbani kwa babake au kwa mumewe. Mtawa wa abasia hutawa katika nyumba inayoongozwa na wanawake wenyewe. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa ndiyo iliyozusha migogoro mingi itakayosimuliwa hapa chini.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto

Watawa wa Eichstätt ni Wabenediktini. Wanafuata Kanuni iliyoandikwa na Benedikto wa Nursia nchini Italia katika karne ya 6. Kanuni hiyo ni kitabu kifupi chenye sura 73, na sehemu kubwa yake haizungumzii mambo ya mbinguni bali namna watu wasio ndugu wanavyoweza kukaa chini ya paa moja bila kuumizana. Sura ya 3 inaagiza kwamba palipo na jambo zito, jumuiya nzima iitwe na kusikilizwa, kwa sababu mara nyingine Mungu humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Sura ya 31 inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vya altare. Sura ya 32 inaeleza kwamba zana za kazi ziorodheshwe ili ijulikane nani amepewa nini na amerudisha nini. Sura ya 48 inagawa siku kati ya kazi za mikono na usomaji. Mgawanyo huo wa maisha ndio uliofupishwa baadaye katika kaulimbiu inayofahamika sana Afrika Mashariki: Sala na Kazi.

Jambo moja linawatenga Wabenediktini na mashirika mengi yaliyozuka baada yao. Pamoja na utii na uongofu wa mwenendo, mtawa wa Kibenediktini huweka nadhiri ya uthabiti, yaani huahidi kubaki katika jumuiya ile ile maisha yake yote. Hahamishwi huku na huko; huzeeka na kuzikwa alipoingia. Ndiyo sababu Kanuni hii inahitaji ardhi. Anayeahidi kukaa sharti awe na pa kukaa.

Kuanzishwa kwa Abasia

Walburga mwenyewe hakuwa Mjerumani. Alizaliwa Uingereza mnamo mwaka 710, akalelewa na kusomeshwa katika nyumba ya watawa ya Wimborne, kisha akavuka bahari pamoja na wanawake wengine kwenda kusaidia kazi ya umisheni iliyoongozwa na Bonifasi. Kakaye Willibald alikuwa askofu wa Eichstätt, na kaka mwingine, Winibald, alianzisha nyumba ya watawa huko Heidenheim. Winibald alipofariki mwaka 761, Walburga aliirithi nyumba hiyo, akawaongoza watawa wa kike na wa kiume kwa pamoja. Ifahamike kuwa hayo yalitendeka katika karne ya 8. Mwanamke mgeni, aliyezaliwa ng'ambo, alikuwa mkuu wa wanaume katika nchi ya watu.

Takriban karne moja baada ya kifo chake, mabaki ya mwili wake yalihamishiwa Eichstätt. Mwaka 1035, tajiri mmoja wa kikabaila aliyeitwa Leodegar alitoa mali yake ili nyumba ya watawa wa kike ijengwe penye kaburi hilo, naye Askofu Heribert akaidhinisha. Hapo ndipo abasia ilipozaliwa. Kaburi liliwavuta mahujaji, na mashamba yaliwalisha watawa. Umajimaji unaotiririka chini ya mawe yanayohifadhi mifupa ya Walburga hukusanywa na watawa kila mwaka tangu Oktoba hadi Februari, na waumini huuita mafuta ya Mtakatifu Walburga.

Misukosuko ya Karne Tisa

Abasia haikuwa pepo ya duniani. Katika Enzi za Kati, familia za kikabaila ziliziona nyumba za aina hii kama mahali pa kuwaweka mabinti ambao hawakuozwa, na Kanuni ikalegea. Mwaka 1456, Askofu Johann von Eych aliirekebisha nyumba hiyo ili irejee katika maisha ya pamoja. Matunda ya kipindi kilichofuata yanaonekana katika michoro iliyotengenezwa humo mnamo mwaka 1500. Watawa walichora kwa rangi, kwenye karatasi ndogo, moyo uliogeuzwa kuwa nyumba na mtawa akiwa ndani yake. Kwa muda mrefu wataalamu wa sanaa waliipuuza michoro hiyo, wakiiona kuwa kazi ya watu wasiojua kuchora. Ni mwaka 1997 tu, mtafiti Jeffrey Hamburger alipoiandikia kitabu kizima, ndipo wengi walipotambua kuwa wanawake hao walikuwa na lugha yao ya picha.

Mwaka 1634, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, jeshi la Uswidi liliuteketeza mji wa Eichstätt. Pigo lililokuwa zito zaidi, hata hivyo, halikuja kwa moto bali kwa karatasi. Mwaka 1806 serikali iliivunja abasia kisheria na kuitwaa mali yake. Watawa waliruhusiwa kubaki katika nyumba yao, ila walikatazwa kupokea wanovisi. Maana yake ilikuwa wazi: wasubiri kufa mmoja mmoja, na wa mwisho afunge mlango.

Hawakuondoka. Kwa miaka 29 walizeeka pamoja wakisali saa zile zile. Mwaka 1835 Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria aliirudishia abasia uhai wake wa kisheria kwa sharti kwamba watawa wawasomeshe wasichana. Alikuta wanawake wachache, wazee, lakini jumuiya ilikuwa haijakatika. Lau wangetawanyika mwaka 1806, mfalme angekuwa na jengo la kufufua, si jumuiya.

Kuvuka Bahari

Sharti la kusomesha ndilo lililoutupa uzi huo ng'ambo. Mwaka 1852 watawa watatu wakiongozwa na Benedicta Riepp walitumwa kutoka Eichstätt hadi St. Marys, Pennsylvania, kuwafundisha watoto wa wahamiaji wa Kijerumani. Huko walijikuta katika mgogoro. Boniface Wimmer, mkuu wa Wabenediktini wa kiume waliowatangulia Marekani, alidai kuwa ndiye mwenye mamlaka juu yao. Riepp alishikilia kuwa nyumba ya wanawake huongozwa na wanawake walioichagua, na akasafiri hadi Ulaya kutetea hoja hiyo. Mwaka 1859 Roma ilitoa uamuzi: nyumba za Marekani zilitenganishwa na Eichstätt, watawa wakanyimwa nadhiri kuu, na wakawekwa chini ya maaskofu wa majimbo yao. Riepp alifariki mwaka 1862 akiwa na umri wa miaka 36, bila kuliona alilolipigania.

Pamoja na hayo, nyumba ziliendelea kuzaana. Mwaka 1857 kundi moja lilikuwa limefika St. Cloud, Minnesota. Kutoka huko, watawa 7 walikwenda Atchison, Kansas, mwaka 1863, wakafungua shule ya wasichana. Shule hiyo ilikua hadi ikawa Chuo cha Mount St. Scholastica, kilichopewa jina la Skolastika, dadake Benedikto. Abasia mama nayo iliendelea kutuma mabinti: mwaka 1935, utawala wa Wanazi ulipokuwa ukiyabana mashirika ya kidini, watawa wengine wa Eichstätt walitumwa Colorado.

Msomaji wa Afrika Mashariki asilichanganye tawi hili na lile lililomfikia mapema zaidi. Masista Wabenediktini Wamisionari walianzishwa Ujerumani mwaka 1885, na walikuwa Pugu, karibu na Dar es Salaam, kituo hicho kiliposhambuliwa Januari 1889 na Sista Martha Wansing akauawa. Historia yao, inayohusiana na Peramiho na Ndanda, inastahili makala yake. Tawi la Eichstätt halikuja Nairobi na watawa. Lilikuja na mwanafunzi.

Mwanafunzi Kutoka Nyeri

Septemba 1960, wanafunzi takriban 300 kutoka Kenya walisafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani, katika mpango uliopiganiwa na Tom Mboya na kugharimiwa kwa msaada wa familia ya Kennedy. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka 20 kutoka Ihithe, Nyeri, aliyekuwa amehitimu katika shule ya wasichana ya Loreto, Limuru. Alipelekwa Atchison, kwa watawa wa Mount St. Scholastica. Msichana huyo ni Wangari Maathai. Alisomea biolojia huko hadi akahitimu mwaka 1964, na katika tawasifu yake, Unbowed, iliyotoka mwaka 2006, anawakumbuka watawa hao kwa shukrani.

Itakuwa kosa kudai kuwa Maathai aliyatenda aliyoyatenda kwa sababu ya Kanuni ya Benedikto. Mamake, mito ya Nyeri, mtaala wa sayansi na siasa za Kenya vyote vilichangia. Hata hivyo, haiwezekani kupuuza kwamba kwa miaka minne aliishi katika chuo kilichoanzishwa na kuendeshwa na wanawake, ambamo msomi na mkulima wa bustani waliweza kuwa mtu yule yule.

Aliporejea, jaribio lake la kwanza la kupanda miti lilihusu Kibera. Mwaka 1974 mumewe, Mwangi Mathai, aligombea na kushinda kiti cha ubunge cha Lang'ata, jimbo ambalo wakati huo lilikuwa na nyumba za kifahari upande mmoja na vibanda vya Kibera upande wa pili. Alikuwa amewaahidi wapiga kura kazi. Wangari aliichukulia ahadi hiyo kwa uzito. Alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare, ambayo ingewaajiri maskini wa jimbo hilo kuotesha miche na kutunza bustani za matajiri. Kampuni ilikosa fedha, miche ikakosa maji, na aliporejea kutoka mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi uliofanyika Vancouver mwaka 1976, alikuta karibu miche yote imekauka.

Mafanikio yalikuja alipohama kutoka kampuni hadi jumuiya. Akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliongoza upandaji wa miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977. Hapo lilianzia vuguvugu la Green Belt. Kazi ilikabidhiwa vikundi vya wanawake mashinani. Kila kikundi kilikuwa na kitalu chake na kufuata hatua zilizokubaliwa, na wanachama walilipwa kiasi kidogo kwa mche uliopandwa na kumea, si kwa mche uliotolewa kitaluni. Miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa kufikia mwaka 2004, Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Yaliyoishinda kampuni yalifanywa na vikundi vyenye kanuni, orodha na uwajibikaji wa pamoja.

Kibera na Kawangware

Hapa swali la utangulizi linarejea kwa nguvu. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi "kibra", lenye maana ya msitu. Askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Waingereza walianza kukaa humo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ardhi hiyo, ekari 4,197, ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Wanubi waliruhusiwa kukaa lakini hawakupewa hati. Baada ya uhuru, ardhi ilihesabiwa kuwa ya serikali, na mitaa mingine ikajengwa juu yake. Ni mwaka 2017 tu ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Wengine waishio Kibera, wenye vibanda na wapangaji kwa jumla, wangali hawana hati. Julai 2018 nyumba, shule na maduka yalibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakalazimika kuhama.

Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, hali ni tofauti kidogo. Eneo la Dagoretti lilikuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu wakati wa ukoloni, hivyo sehemu kubwa ya ardhi ina wenyewe, nao wana hati. Lakini hati hiyo ni ya mwenye ploti. Mwanamke anayepanga chumba kimoja cha mabati na kuuza mboga sokoni hana uhakika zaidi ya mwisho wa mwezi. Kibera mkazi hukosa hati kwa kuwa ardhi ni ya serikali. Kawangware hukosa kwa kuwa ardhi ni ya mwenye nyumba.

Ilhali katika mitaa yote miwili, kanuni zimejaa tele. Vipo vyama vya akina mama vinavyokutana kila juma, vikachanga fedha na kumpa mmoja kwa zamu. Vina mwenyekiti aliyechaguliwa, mwekahazina mwenye daftari, faini kwa anayechelewa na mchango maalumu kwa aliyefiwa. Mdogo huzungumza mbele ya mkubwa. Sufuria na viti vya chama huandikwa: nani amevichukua, lini atavirudisha. Laiti Benedikto angeketi katika kikao cha namna hiyo pale Laini Saba au Kawangware, angezitambua sura zake nyingi bila kusomewa.

Tangu mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kilimo cha magunia kilienezwa Kibera kwa msaada wa mashirika. Gunia hujazwa udongo, mawe huwekwa katikati ili maji yapite, na miche ya sukuma wiki huchomekwa juu na ubavuni. Bustani ya abasia imezungushiwa ukuta. Gunia la Kibera huegemea mlango. Ni shamba la mtu asiye na shamba, na siku tingatinga linapokuja, mwenyewe hulazimika kuamua kama atabeba gunia au godoro.

Hitimisho

Historia ya Abasia ya Mtakatifu Walburga inathibitisha kwamba ukuta peke yake hauihifadhi jumuiya. Mji uliungua mwaka 1634 na mali ikatwaliwa mwaka 1806, lakini wanawake waliendelea kwa sababu walikuwa na kanuni inayojua kugawa kazi, kuchagua kiongozi na kuhesabu majembe. Kanuni hiyo ndiyo nyenzo iliyoufikisha mti Kansas, na iliyokuwa sehemu ya malezi ya mwanamke aliyeirudishia Kenya miti yake.

Lakini historia hiyo hiyo inakataza hitimisho jepesi kwamba kanuni inatosha. Mwaka 1035 Leodegar alitoa mali ili watawa wapate pa kukaa. Mwaka 1806 serikali iliwaachia nyumba hata ilipowanyang'anya mengine yote. Miaka 29 ya subira isingewezekana chini ya paa linaloweza kubomolewa kesho. Akina mama wa Kibera na Kawangware hawahitaji kufundishwa umoja wala nidhamu. Vyote hivyo wanavyo, na daftari zao ni ushahidi. Wanachokosa ni kile alichopewa mtawa wa Eichstätt siku ya kwanza kabla hajaweka nadhiri ya kubaki: mahali ambapo hakuna atakayemwamuru aondoke.